Matango Yaliyovaa Kofia

Kabla hujaniambia nimelogwa au nimepigwa na jua la Kariakoo, soma mpaka mwisho. Ukimaliza sema unachotaka, sitabishana na wewe.

Siku hiyo nilitoka bafuni mchana, nimejifunga khanga, nikaenda kwenye beseni langu pale uani. Nikakuta matango yamevaa kofia.

Nieleze vizuri. Kila tango lilikuwa limekatwa kichwa upande wa kikonyo, halafu kile kichwa kikarudishwa pale pale kilipotoka. Kwenye mkato povu jeupe lilikuwa linachuruzika taratibu.

Mimi niliyaacha mazima. Na uani hakukuwa na mtu.

Mtu pekee niliyewahi kumwona akiyavalisha matango kofia, tulikuwa tumeshamzika.

Naitwa Severa. Kwetu ni Rombo, ila Bongo nimekaa mpaka nimesahau baridi ya nyumbani. Nauza zipu, vifungo na nyuzi Kariakoo, na nimepanga chumba kwenye nyumba moja ya zamani nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Ni zile zenye korido katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye bomba, bafu na jiko. Maghorofa yametuzunguka, kwa hiyo jua linatufikia mchana tu, likiwa utosini.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Abdulmajid. Mkewe ni Bi Mwanamkuu, sisi wapangaji tunamwita Bi Mkuu. Mungu hakuwajalia mtoto, wakatulea sisi.

Wapangaji wengi wanatoka asubuhi na kurudi jioni. Mchana nyumba inabaki na Bi Mkuu, na Zena anayesuka watu nywele kibarazani, na mimi ninapotoka dukani kuja kupika.

Sasa, Mzee alikuwa na jambo lake. Chakula chote alipika Bi Mkuu, lakini kachumbari ya matango ilikuwa mali ya Mzee. Hakuna mtu aliyeigusa, hata mkewe.

Tena alikuwa mtu wa shoto. Kula alikula kwa mkono wa kulia kama watu wote, lakini kisu alikishika kwa kushoto. Bi Mkuu alinisimulia kwamba alimsema sana walipooana, kwamba chakula hakitengenezwi kwa mkono ule, mpaka akachoka mwenyewe akamwacha na matango yake.

Nilipohamia, nikajifanya jirani mwema. Nikatengeneza kachumbari, nikawapelekea bakuli.

Mzee akaonja, halafu akaniita uani.

"Severa, mwanangu, nyie Wachaga ndizi mnazijua. Tango hamlijui hata kidogo."

Nikacheka. Angenitania mwingine ningemjibu, ila yule mzee alikuwa na uso ambao huwezi kuukasirikia.

Akakaa kwenye kigoda chake, akachukua tango, akalikata kichwa. Akatia chumvi kidogo kwenye mkato, akashika kile kichwa na kuanza kusugua, mzunguko, mzunguko, mpaka povu likatoka. Akaniambia huo ndio uchungu wake, na kwamba ukikata tango bila kulisugua, uchungu wote unabaki ndani na wewe ndiye utakayeula.

Halafu akalirudishia kichwa chake.

"Mvalishe kofia, mwache apumzike," akasema. "Akishatulia ndiyo unammenya."

Tango kwake lilikuwa mtu.

Likishapumzika alilimenya, akalichora kwa uma kuanzia juu mpaka chini, akalikata vipande vyembamba vikatoka kama maua. Kitunguu alikikamua kwa chumvi na kukiosha. Ndimu, pilipili mbuzi kidogo, basi. Nyanya hakuweka, alisema inaleta fujo. Na kabla ya kushika kisu alikohoa mara mbili, kikohozi kidogo cha kooni, kama mtu anayetaka kuingia kwenye nyumba ya watu.

Miaka yote niliyokaa pale nilikisikia kile kikohozi kila mchana. Nilikuwa nakihesabu kama sehemu ya mapishi.

Mzee alifariki Ijumaa moja. Alirudi kutoka msikitini, akajilaza kwenye mkeka, akasema apumzike kidogo. Hakuamka tena.

Tukamzika, na Bi Mkuu akaingia eda.

Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa ndani ya nyumba ya mumewe kwa muda wa miezi kadhaa. Hajipambi, hatoki hovyo, hakutani na wanaume wa nje. Bi Mkuu alivaa nyeupe, akashusha pazia la chumba chake, akakaa.

Hakulia. Siku ya msiba hakulia, na baada ya msiba hakulia. Watu walimsifu kwamba ana subira. Mimi sikuipenda ile hali.

Na hakula.

Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kuwaka moto, maana Bi Mkuu ana sukari. Anameza vidonge, na vidonge vile ukivimeza bila kula unaanguka. Daktari alituambia wazi wazi, mimi na Zena tukiwa tumesimama pale, kwamba huyu mama asipokula tutampoteza.

Tukagawana. Asubuhi Zena anampa uji, mchana napika mimi, jioni ndugu wanaleta. Vyakula vyote vilirudi vikiwa vimechokonolewa tu pembeni.

Nikafikiria kachumbari. Nikanunua matango mazuri, nikasugua, nikachora kwa uma, nikafanya yote kama nilivyofundishwa. Nikapitisha bakuli chini ya pazia.

Likarudi lilivyokwenda.

"Siyo yenyewe, mwanangu," alisema kutoka ndani. Sauti ilikuwa ya upole kabisa, na nilitamani anigombeze.

Ilikuwa katika siku hizo ndipo nikayakuta matango yamevaa kofia.

Nilisimama pale maji yakinichuruzika. Nikamwita Zena. Zena alikuwa kibarazani na mteja, kichwa nusu kimesukwa, hajanyanyuka tangu asubuhi. Mteja mwenyewe akamtetea.

Nikasema basi ni paka. Halafu nikajiona mjinga, paka havalishi tango kofia.

Sikuwa na muda wa kwenda kununua mengine. Nikayamenya hivyo hivyo, nikachanganya, nikapeleka.

Bakuli likarudi jeupe. Hata maji ya ndimu yalikuwa yamenywewa, na wali ulikuwa umeliwa.

"Nani katengeneza?" Bi Mkuu akauliza nyuma ya pazia.

"Mimi, Bi Mkuu."

"Haya, mwanangu. Mungu akuweke."

Ikaanza hivyo. Nikiacha matango uani nikaenda bafuni, au nikatoka kufuata ndimu, nikirudi nakuta yamevaa kofia. Nikikaa pale pale nayaangalia, hayaguswi. Kisu nakikuta kimeoshwa, kimelazwa upande wa kushoto wa beseni. Mimi kisu nakiweka kulia siku zote.

Zena akasema Mzee hajaondoka. Akaacha kwenda uani peke yake, hata chooni akawa ananiomba nimsindikize. Mimi nilikuwa namcheka usoni, na chumbani kwangu nilikuwa nalala na rozari mkononi.

Siku moja nikachoka kuchezewa. Nikayafungia matango chumbani kwangu kwa kufuli, nikatengeneza mimi mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, nikapeleka.

Bakuli likarudi halijaguswa, na wali pia.

Nikiwa dukani, Zena akanipigia simu analia. Nilikimbia mpaka nyumbani na sindano za mteja mkononi. Bi Mkuu alikuwa sakafuni, jasho la baridi, macho yamegeuka. Alikuwa ameshameza vidonge vyake kwa kudhani atakula. Tulimkorogea sukari kwenye maji, tukamnywesha kidogo kidogo mpaka akarudi.

Nilimshika mkono, nikauona ulivyokwisha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuyaogopa yale matango.

Pale pale nikaamua. Kama ni jini, liwe jini. Kama ni Mzee, karibu Mzee. Ilimradi huyu mama ale.

Kesho yake nikaweka matango uani, kisu na chumvi pembeni, na kile kigoda nikakisogeza karibu. Nikaandaa kama mtu anayemngojea mgeni, nikaenda zangu.

Nikarudi nikakuta kofia. Bi Mkuu akala.

Tungeendelea hivyo bila shida, ila mdomo wa Zena hauna mlango. Habari zikamfikia Mzee Mudi, mdogo wake marehemu, anayefanya kazi Bandarini. Akaja, akakaa koridoni na kofia yake mapajani, akaongea na shemeji yake kupitia pazia.

Alisema ameambiwa kuna kitu kinachezea chakula ndani ya nyumba ya kaka yake. Ijumaa angekuja na mtu wa kusoma na kufukiza, nyumba yote, chumba kwa chumba. Isipotulia, Bi Mkuu atahamishwa akamalizie eda nyumbani kwa Mzee Mudi, Mbagala.

"Eda yangu ni hapa," Bi Mkuu alisema. Hakuongeza neno.

Mzee Mudi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu na alikuwa na mapenzi, na vitu hivyo viwili vikikutana havisikii. Mimi ni nani nimzuie? Mpangaji, tena wa dini nyingine.

Lakini nilijua jambo moja ambalo yeye hakulijua. Bi Mkuu akihamishwa pale, au kile kinachomlisha kikifukuzwa, hataiona sikukuu ijayo.

Kwa hiyo Alhamisi nikaamua kujua. Kusema ukweli ningeweza kuchungulia tangu mwanzo, ila nilikuwa naogopa kujua.

Nikayaweka matango. Nikamwambia Zena kwa sauti kubwa kwamba narudi dukani, nikapita koridoni, nikabamiza mlango wa mbele. Halafu nikavua kandambili, nikarudi kwa ncha za vidole mpaka bafuni. Mlango wa bafu letu ni wa bati, una tundu la msumari.

Adhana ya adhuhuri ikatoka msikitini, ikaisha. Maghorofa yote yakawa kama yamenyamaza. Jua lilikuwa limesimama katikati ya ua, halina kivuli.

Nikasikia kikohozi.

Mara mbili, kile cha kooni.

Nilitaka kufumba macho. Badala yake nikaweka jicho kwenye tundu.

Alikuwa Bi Mkuu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mumewe, nguo zake nyeupe zinang'aa mpaka zinaumiza macho. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Alikata kichwa cha tango kwa pigo moja, akatia chumvi, akasugua, mzunguko, mzunguko. Mkono haukusita hata kidogo. Alilivalisha tango moja kofia, akachukua lingine. Midomo ilikuwa inacheza taratibu, na macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuangalia kitu chochote pale uani.

Akaosha kisu. Akakilaza kushoto. Akanyanyuka, akaingia ndani, pazia likashuka.

Nililia mle bafuni mpaka nikauma khanga nisisikike.

Nililia kwa sababu nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Mama wa watu alikuwa anajitengenezea mumewe. Anatoka kama Mzee, anasugua kama Mzee, anakohoa kama Mzee, halafu anaingia ndani na kungoja aletewe chakula alichoandaliwa. Hakukuwa na jini wala nini. Kulikuwa na mjane mwenye njaa.

Ijumaa Mzee Mudi akaja na mtu wake, chetezo tayari kinafuka ubani. Nikawakuta mlangoni.

Nikamwamkia, nikamwambia watu wasijisumbue. Nikasema ni mimi niliyekuwa nayavalisha matango kofia, ili Bi Mkuu ajisikie kama zamani ale chakula, na Zena akashtuka bure.

Mzee Mudi akanisogelea.

"Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa unaichezea roho ya kaka yangu?"

Nikainamisha kichwa. Alinisema pale, na majirani wakisikia, kwamba sina haya, kwamba asingekuwa anamheshimu marehemu angenitolea vyombo vyangu nje. Nilimwacha aseme. Sijawahi kuwa mtu wa kusemwa nikanyamaza, waulize wanaonijua, lakini siku hiyo nilinyamaza.

Mwenye chetezo akazima moto wake, wakaondoka. Nikageuka, nikaona pazia la Bi Mkuu linatikisika kidogo. Alikuwa amesikia yote.

Sikurudi tena kuchungulia. Kila mchana niliweka matango, nikaondoka, nikarudi, nikamalizia. Bi Mkuu akaanza kurudisha mwili. Mashavu yakajaa kidogo. Daktari akampima, akafurahi.

Eda ikaisha. Wanawake wakaja, wakamuogesha, dua ikasomwa, akavaa khanga mpya, tukala. Wageni walipoondoka akatoka uani, akakaa juani akinyoosha miguu kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Nikaona ndiyo wakati. Nikaleta beseni, kisu, chumvi. Nikaweka mbele yake.

"Leo tengeneza mwenyewe, Bi Mkuu," nikasema kwa upole. Nilitaka ajue kwamba najua, na kwamba hakuna ubaya.

Akacheka. "Mimi?"

Akachukua kisu kwa mkono wa kulia.

Akakata tango upande wa chini, siyo wa kikonyo. Hakusugua. Akaanza kulimenya kama kiazi, maganda manene, nyama nusu inaondoka nayo.

Nikadhani anaona aibu. Nikamwambia ajaribu kwa kushoto, nikamwekea kisu mkononi. Kikamponyoka kikaanguka. Zena, aliyekuwa mlangoni mwa jiko, akacheka.

Bi Mkuu hakucheka. Alinitazama kwa mshangao.

"Mwanangu, tangu niolewe sijakata tango ndani ya nyumba hii. Mwenyewe alikataa. Wewe si ndiye uliyekuwa unanitengenezea? Nilikuwa nimelala humo ndani, kila mchana nakusikia unasugua."

Nikamgeukia Zena.

"Hata kikohozi chake ulikiiga," akasema. "Mara mbili, vilevile. Nikasema huyu mtoto ana moyo wa ajabu."

Zena akaacha kucheka.

Nilimtazama usoni, nikatafuta uongo, nikaukosa. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, ile mikono niliyoiona mimi mwenyewe kwenye tundu la msumari. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.

Akaokota kisu, akaendelea kwa mkono wake wa kulia, polepole, vipande vinene na vyembamba. Akatia kitunguu, chumvi, ndimu. Akachanganya. Akaonja.

Uso wake ukakunjamana.

"Chungu," akasema.

Akaonja tena, kama mtu anayetaka uhakika. Akaliangalia bakuli kwa muda.

"Basi ameondoka."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mzee Abdulmajid, Bi Mkuu akalia. Alilia kwa sauti, mabega yanatikisika, mpaka watu wa ghorofa ya jirani wakachungulia madirishani. Mimi nikataka kuliondoa lile bakuli. Akalishika.

Akaila kachumbari yote, na ule uchungu wake, huku analia.

Sijamwambia nilichokiona. Nikimwambia ilikuwa mikono yake, nitakuwa nimemnyang'anya mumewe. Nikimwambia siyo mimi, sijui atalala vipi. Mzee Mudi mpaka leo ananiitikia salamu kwa nusu mdomo, na mimi namwamkia vilevile.

Siku hizi kachumbari anatengeneza Bi Mkuu. Bado inakuwa na uchungu kidogo kwa sababu hana subira ya kusugua. Anakula, anameza vidonge vyake, anashukuru. Kisu kinalala kulia.

Nilichojifunza ni hiki, na ukichukue au ukiache. Mtu wako akifiwa, kabla hujaja na ubani na ushauri, angalia kwanza kama anakula. Ukikuta anakula, usiwe na haraka ya kumfukuza anayemlisha, hata kama humwelewi. Mwache amalize kazi yake.

Wa kwetu alimaliza, akaondoka mwenyewe.